Kifungua kopo cha mkono kinateleza kwenye ukingo: je, tatizo ni makali au ni ribiti?

Mpishi wa Machame (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mpishi wa misafara ya Mlima Kilimanjaro, ninaishi Pasua hapa Moshi, na ninaomba msaada wa watu wanaoelewa vifaa vya chuma kuliko mimi. Kila safari ninabeba vifungua kopo viwili vya aina ile yenye mipini miwili na kipepeo cha kuzungusha, kwa sababu kuanzia siku ya nne, mboga mbichi zinapoanza kunyauka, ninategemea nyanya, maharage, mahindi na samaki wa kopo.

Kifungua kopo kipya hunifanyia kazi vizuri kwa safari nne au tano, kisha huanza kuteleza. Kipepeo kinazunguka lakini kopo halisogei, au kinakata kidogo, kinaruka sehemu yenye upana wa ukucha, halafu kinakata tena, hadi kifuniko kinabaki kimeshikiliwa na vipande vitatu au vinne ambavyo inanibidi nivikate kwa kisu. Safari iliyopita, tukiwa kambi ya Barafu, kisu kiliteleza kikanichana kidole gumba, na sufuria nzima ya mchuzi ikabidi imwagwe. Nilikuwa na watu kumi na wanne wanaosubiri kula.

Nimenunua vya bei nafuu na nimenunua cha bei mara tatu yake, na vyote vimeishia kwenye ugonjwa huo mmoja. Nilipolijaribu gurudumu la kukatia kwenye ukingo wa karatasi, lilikata bila shida. Nilichokiona ni kwamba kichwa cha kifaa kinachezacheza hata mipini ikiwa imefungwa. Je, tatizo ni makali, ni baridi na kimo cha mlima, au ni muundo wenyewe?

Kijana wa Sakina (Arusha)

Pole sana kaka kwa jeraha hilo. Kwa uzoefu wangu wa nyumbani, kifaa chochote cha kukata kikianza kuruka, maana yake makali yameisha, hata kama kwenye karatasi kinaonekana kukata, kwani bati si karatasi. Kipeleke kwa fundi mwenye grenda alinoe lile gurudumu kidogo pande zote mbili. Ni kazi ya dakika tano.

Mwalimu wa Karakana (Arusha)

Mpishi, pole kwa kidole. Nimefundisha ufundi wa chuma kwa miaka mingi na sasa nina karakana ndogo upande wa Unga Limited, ambako wapishi na kina mama wenye migahawa huniletea vifaa vya namna hii karibu kila wiki. Mdogo wangu wa Sakina ameshauri kwa nia njema, lakini naomba mtu yeyote asipeleke gurudumu hilo kwenye grenda kabla ya kusoma maelezo yangu hadi mwisho.

Tuanze na kopo lenyewe, kwa sababu kifaa hiki kimeumbwa kulifuata. Ukingo ule unaoushika kwa kucha juu ya kopo ni mkunjo wa tabaka tano za bati, tatu za kifuniko na mbili za mwili, zilizokunjwa pamoja na kugandamizwa, na kimo chake ni kama milimita 3. Kifungua kopo cha kipepeo hakiukati mkunjo huo. Kinautumia kama reli. Gurudumu la kukatia hukaa upande wa ndani, juu ya kifuniko, nalo gurudumu dogo lenye meno hukaa nje, chini ya mkunjo. Ukifunga mipini, la kwanza linashuka na la pili linasukuma kwenda juu, mkunjo ukiwa umebanwa katikati yao. Meno yale ndiyo yanayouma chini ya mkunjo na kulivuta kopo, na gurudumu la kukatia linafuata tu linakovutwa. Kipepeo kikizunguka na kopo likabaki palepale, basi meno hayajauma, na hapo makali hayana kosa.

Sasa tazama nguvu inatoka wapi. Mhimili wa gurudumu la kukatia haukai katikati ya ribiti inayounganisha mipini, bali umesogezwa pembeni kidogo, ndiyo maana ukipanua mipini gurudumu linapanda na ukiifunga linashuka. Nimepima kimoja kilichoko mezani kwangu: kutoka ribiti hadi katikati ya kiganja ni milimita 120, na kutoka ribiti hadi mhimili ule ni milimita 8. Huo ni wenzo unaozidisha nguvu ya mkono mara 15, kabla ya kutoa kinachopotea kwa msuguano. Mkono unaobana kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 10 unalitoboa bati kama vile kilo 150 zimekaa juu ya ncha ya gurudumu. Kipepeo nacho ni wenzo wa pili: bawa lake lina milimita 25 kutoka katikati, gurudumu la meno lina milimita 6, kwa hiyo kidole gumba kinazidishiwa nguvu zaidi ya mara 4. Gurudumu hilo likizunguka mara moja, kopo husogea kama milimita 38. Kopo la kawaida la nyanya lenye kipenyo cha milimita 73 lina mzingo wa milimita 229, yaani mizunguko 6 na ushei. Ukihesabu mizunguko kumi na kopo halijamaliza duara, unajua kabisa kwamba meno yanateleza.

Nguvu zote hizo, mpishi, zinapita kwenye ribiti moja. Kila unapobana, magurudumu mawili yanasukumana, na kwa kuwa hayako kwenye mstari mmoja bali moja liko ndani na jingine nje ya mkunjo, msukumo wao unakipinda kichwa cha kifaa upande. Ribiti laini inalegea, tundu lake linapanuka, na mabamba mawili yaliyokuwa yamegusana yanaachana kidogo. Ukiangalia kwa mbele utaona gurudumu la meno limeinama nje, likigusa mkunjo kwa ncha za meno tu. Kucheza kwa kichwa ulikokuona ndiko huko, na ulikuwa umeshapata jibu kabla hujauliza.

Kuhusu grenda nina sababu mbili za kuikataa. Gurudumu la kukatia limekomazwa kwa moto kiwandani, na grenda ikilipasha hadi kubadilika rangi kuwa ya bluu, ukomavu ule unaondoka na makali mapya hayamalizi mwezi. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Ukilinoa unalipunguza kipenyo, na gurudumu lililopungua halishuki kwa kina kilekile. Likiwa haliwezi tena kufika chini ya kiwango cha mkunjo, litakwaruza kifuniko bila kukitoboa, na hapo kifaa kimekufa kweli.

Fanya hivi. Sugua meno kwa brashi ya waya na maji ya moto, kwa sababu mara nyingi nafasi kati ya jino na jino imejaa rangi ya makopo na nyanya iliyokauka. Ukiona ncha zimekuwa mviringo, pitisha tupa ndogo ya pembetatu katika kila pengo, mara mbili au tatu tu. Kisha laza kichwa juu ya chuma kizito, ribiti ikiwa imekaa sawasawa, uweke wembe wa zamani kati ya mabamba mawili, na ugonge kichwa cha ribiti taratibu kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo ukizunguka pembeni mwake, si katikati. Acha kugonga mara wembe unapobanwa. Ukiuvuta wembe, nafasi inayobaki ndiyo itakayoiruhusu mipini kufunguka bila kucheza. Usitie mafuta ya cherehani, maana gurudumu hilo linaingia kwenye chakula. Tone moja la mafuta ya kupikia linatosha.

Jaribio lifanye kwenye tako la kopo tupu, kwa kuwa makopo mengi marefu yana mkunjo chini kama juu. Makopo mafupi ya samaki mara nyingi yamevutwa kutoka bati moja na chini hayana mkunjo, kwa hiyo hayo hayatakufaa.

Kuhusu mlima, ni kweli kwamba Barafu, kwenye mita zaidi ya 4,600, mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa pwani, na kifuniko kilichokuwa kimebonyea ndani ukiwa Moshi kinaweza kunyooka. Lakini gurudumu linapita pembeni kabisa, karibu na ukuta wa kopo, mahali ambapo kifuniko hakisogei, kwa hiyo kimo hakikikwazi kifaa chako. Baridi inachokupunguzia ni nguvu ya kubana, na kifaa kizima hustahimili mkono dhaifu, ila kilicholegea hakistahimili.

Mama wa Njiro (Arusha)

Shikamoo Mwalimu, na pole kaka mpishi. Mimi nina mgahawa mdogo na mikono yangu imeanza kuuma viungo, kwa hiyo swali hili linanihusu sana. Binti yangu aliniletea kifungua kopo cha aina nyingine, ambacho hulazwa juu ya kopo na kuacha kifuniko chenye kingo butu kabisa, hakimkati mtu. Je, chenyewe kina ribiti dhaifu kama hivi vingine, na kwa nini aina hii haikuwepo tangu mwanzo? Pia ninatumia yale makopo makubwa ya nyanya, na mkono unachoka kabla sijafika nusu.

Mwalimu wa Karakana (Arusha)

Marahaba mama. Hicho ulicholetewa kinakata mkunjo wenyewe kwa ubavuni, tabaka la nje tu, kwa hiyo kifuniko kinatoka pamoja na kipande cha mkunjo wake, na gurudumu haligusi chakula kabisa. Kwa mikono yako ninakisifu. Ila kinadai usahihi zaidi: gurudumu lazima likate tabaka moja bila kuzama kwenye la pili, na mchezo mdogo wa kichwa ambao kile cha zamani kingeuvumilia, hiki hakiuvumilii. Usikiangushe, na usimwazime mtu wa kukitumia kung'olea vizibo vya soda.

Swali lako la pili ninalipenda sana, kwa sababu vijana wengi hudhani kopo na kifungua kopo vilizaliwa pamoja. Peter Durand alipewa hataza ya kopo la bati huko Uingereza mwaka 1810, na kwa miongo kadhaa baadaye makopo yalifunguliwa kwa tindo na nyundo, kwa kuwa bati la wakati ule lilikuwa nene mno kwa kifaa cha mkononi. Robert Yeates wa Uingereza alitoa kifaa chenye ncha na wenzo mwaka 1855, na Ezra Warner wa Connecticut, Marekani, akafuata na chake mwaka 1858. Gurudumu la kukatia lililetwa na William Lyman mwaka 1870, lakini ilibidi kwanza utoboe katikati ya kifuniko na kuurekebisha mkono wa kifaa kulingana na ukubwa wa kopo. Gurudumu la meno linalobana mkunjo liliongezwa mwaka 1925 na kampuni moja ya San Francisco, na umbo la mipini miwili yenye kipepeo tunalolizungumzia hapa lilipewa hataza mwaka 1931. Kwa hiyo kukata kulipatikana mapema, na kilichochukua miaka 55 zaidi ni kulishika kopo. Ndiyo maana ninasisitiza meno na ribiti kuliko makali.

Kopo lako kubwa lina kipenyo cha kama milimita 155, na hilo linahitaji karibu mizunguko 13 ya gurudumu, zaidi ya mara mbili ya kopo dogo. Mkono kuchoka ni haki yake. Kwa kazi ya kila siku ya makopo hayo, tafuta kile cha kufunga mezani chenye mkono mrefu wa kuzungusha.

Mpishi wa Machame (Moshi)

Mwalimu, shikamoo. Nimerudi jana jioni kutoka mlimani, na kabla ya safari nilifuata maelekezo yako yote kwenye kile kifungua kopo nilichokuwa nimekitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Meno yalikuwa yamejaa rangi ya bluu ya makopo hadi hayakuonekana kuwa ni meno. Kwenye ribiti nilikosea mara ya kwanza kwa kugonga bila wembe, mipini ikakaza kabisa, ikabidi niipanue kwa bisibisi na kuanza upya. Nilihesabu kopo la maharage nikiwa kambi ya Shira: mizunguko sita na kidogo, bila kuruka hata mara moja.

Makopo mawili tu yaliruka. Moja lilikuwa limebonyea kwenye ukingo kwa kugongana na jiko ndani ya mzigo, na jingine liliruka mahali pale ambapo mstari wa ubavuni unakutana na ukingo.

Mwalimu wa Karakana (Arusha)

Marahaba mwanangu, umenifurahisha. Penye mstari wa ubavuni bati limepandana kidogo, kwa hiyo mkunjo ni mnene zaidi hapo. Toboa mara tu baada ya mstari huo, ili uukute mwishoni, wakati duara limeshakamilika na kifuniko kinaweza kuinuliwa. Lile lililobonyea kwenye ukingo usilitafutie mbinu ya kulifungua. Mbonyeo wa mahali hapo unaweza kuwa umefungua njia ya hewa na vijidudu, kwa hiyo likague kabla ya kufunga mzigo hapo Moshi, na ukilikuta hivyo liache chini. Makopo yafunge kwa matambara, mbali na jiko.

Na kifungua kopo cha pili unachobeba, mlegezo wake ukipita unene wa wembe mmoja, niletee nikubadilishie ribiti hiyo kwa bolti yenye nati ya kujifunga, ambayo utaweza kuikaza mwenyewe kambini kwa spana ndogo.