Jarida letu la figo za watoto lina makala nzuri, mbona halionekani mtandaoni?

MhaririFigo:
Wakuu, habari za kazi. Huu ni mwaka wa tatu nahariri jarida dogo la magonjwa ya figo kwa watoto. Zamani lilikuwa la karatasi tu, likienda kwa wanachama kwa posta. Tulipolihamishia mtandaoni, kila toleo tulilipakia zima, PDF moja. Ya zamani niliyaskani mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, jioni baada ya jioni.

Wiki iliyopita daktari kijana aliniuliza kama kuna aliyewahi kuandika juu ya kumfanyia mtoto mchanga dialisisi ya tumboni (kusafisha damu kwa maji maalumu yanayoingizwa tumboni, figo zinaposhindwa) pale vifaa rasmi vinapokosekana. Makala hiyo tunayo! Iko toleo la pili, kurasa sita, na picha za katheta, ule mrija wa kupitishia maji. Alikuwa ameitafuta siku mbili asiipate. Iliniuma mno. Bodi inataka tukimbilie kipimo cha athari (impact factor), ile namba ya kuonyesha jarida linanukuliwa kiasi gani. Mimi naona hapo ni kuezeka kabla ya kujenga ukuta. Nianzie wapi?

MkutubiMzee:
Pole, mhariri. Tatizo ni hiyo PDF moja. Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma, inataka kila makala iwe na faili lake, lisizidi MB 5, na ikisiri (muhtasari wa makala) isomeke bila mtu kudaiwa nywila. Tena ulichoskani ni picha. Mashine haioni neno hata moja humo. Pitisha kurasa kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha zisomwe upya na mtu anayejua dawa. Hapo usione uvivu: nukta ya desimali ikipotea kwenye dozi ya mtoto, ni hatari.

Mama Ikisiri:
Naungana na Mzee. Niliwahi kuhariri jarida la fani finyu kama lako. Chukueni ISSN, namba ya kutambulisha jarida, ya toleo la mtandaoni, maana ile ya karatasi ni nyingine. Kisha DOI, namba ya kudumu ya makala inayotumika kama kiungo, kwa kila makala kupitia shirika la Crossref, za zamani zikiwemo, na orodha ya marejeo mwiwasilishe pia. Anwani ya tovuti ikibadilika, mnasahihisha kiungo upande wenu na DOI inabaki ileile. Sisi tulihama tovuti kabla ya kuwa nazo, na viungo vyote tulivyonukuliwa navyo vikafa.

Baadaye ombeni kuingia DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, ipo tangu 2003. Wanakagua leseni, utaratibu wa uhakiki na majina ya bodi. PubMed, mtambo wa kutafuta makala za tiba, ni safari nyingine: orodha yake ya MEDLINE huchagua majarida kwa ubora, na hifadhi yake ya PubMed Central inataka makala nzima katika XML, muundo wa faili unaosomwa na mashine.

Kuhusu kipimo cha athari, iambie bodi hivi: kinahesabu nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia tu. Makala yako ya dialisisi, hata ikinukuliwa leo na watu mia, haiongezi kitu. Na wale wanaotuma barua pepe wakiuza "kipimo" chao, msiwajibu.

MhaririFigo:
Asanteni sana, Mzee na Mama. Nimeanza na toleo la pili. Makala ya dialisisi ina ukurasa wake sasa, nimeilinganisha na karatasi namba kwa namba, na yule daktari nimemtumia. Ila picha mbili zinaonyesha uso wa mtoto. Wazazi waliridhia zichapwe kwenye karatasi. Ridhaa hiyo inatosha huku?

Mama Ikisiri:
Mimi nisingeitegemea. Mwongozo wa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, unataka mgonjwa aelezwe kama picha inayomtambulisha huenda ikapatikana kwenye intaneti, na wazazi hao waliambiwa karatasi tu. Ziondoe leo, uache za katheta, na uandike pale kwamba zimeondolewa na kwa nini. Mwandishi akiwapata wazazi wakaridhia upya kwa maandishi, utazirudisha. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Mtoto bado hutambulika.

MhaririFigo:
Nimeziondoa sasa hivi. Kesho namwandikia mwandishi.