Bustani za wanyama zinaokoa chochote, au ni maonyesho tu?

Swali
Wakuu, kila bustani ya wanyama siku hizi ina kibao kikubwa: "Tunahifadhi." Mimi ninachoona ni twiga amesimama kwenye saruji, watoto wanampigia miluzi. Kuna mnyama gani hasa aliyefugwa huko, akazaa, akarudishwa kwao? Nataka mfano, sio matangazo.

Jibu la 1
Mkuu, mfano ni chura wa Kihansi. Aligunduliwa 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania, kwenye kipande cha hekta 2 hivi kilicholoa muda wote kwa manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai; jike anazaa vitoto vilivyokamilika. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji ya korongoni yakapungua kwa asilimia 90 hivi. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka, kisha 2003 wakaporomoka ghafla. Kuvu ya ngozi inayoua vyura duniani kote ilikuwa imeingia. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Waliobaki ni uzao wa wale 499 waliokuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa 2000. Huko nako walikufa sana: kufikia Desemba 2004 hawakufika 70, wote wakiwa kwenye bustani za Bronx na Toledo. Mimi nimewahi kutunza vyura (sio hawa) na sishangai. Chura hataki mdudu aliyekufa, sharti ajongee mbele yake. Kwa hiyo kabla ya kufuga chura unafuga chakula chake: vichupa na vichupa vya inzi wadogo wa matunda. Unawatia kwenye kikopo chenye unga wa kalsiamu, unatikisa mpaka wawe weupe, unawamwaga haraka kabla hawajajifuta. Kesho tena. Hakuna anayekata tiketi kuangalia kazi hiyo.

Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Tanzania, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu 2012 wanaachiwa korongoni.

Jibu la 2
Unawapamba mno. Faru weupe wa kaskazini je? Walikaa miaka kwenye bustani ya Dvůr Králové kule Cheki, wanne wakaletwa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, 2009. Sudan, dume la mwisho, akafa Machi 2018. Wamebaki Najin na bintiye Fatu. Wokovu gani huo?

Muulizaji
Hapo na mimi ndipo ninapokwama.

Jibu la 1
Ndugu, faru wale porini walimalizwa na majangili. Bila bustani hiyo hata Fatu asingezaliwa, na mayai yake ndiyo yanayotungishwa maabara kwa mbegu zilizogandishwa. Lakini nakubali, walizaliana kidogo mno na wakachelewa kurudishwa Afrika. Bustani inatunza mnyama, haitunzi mto wala haikamati jangili. Hata Kihansi, zima yale mabomba uone kama chura atabaki.

Kuhusu twiga wako, muulize mtunzaji: ameandikwa kwenye kitabu cha ukoo? Nani anaamua apandishwe na dume lipi, la bustani ipi? Bustani yenye mpango inalijibu hilo papo hapo, kwa sababu wanabadilishana wanyama ili ndugu wasizaliane. Akianza kukuelekeza duka la zawadi, basi kuhusu saruji ile niko upande wako.