Tupeane uzoefu: kukuza wafuasi mitandaoni Lamu bila kuudhi mji

Mkomani
Wenzangu mnaoendesha kurasa za kofia, jahazi, nyumba za wageni na mapishi: huku kwetu mfuasi ndiye jirani. Ukimkera leo, kesho mnapishana kichochoroni na punda kati yenu. Leteni njia zinazofanya kazi. Visa vya fulani kafanya hivi tuviache.

Langoni
Naanza na picha. Vichochoro ni vyembamba, ukiinua simu hukosi kumchukua mtu. Basi piga hodi kabla ya kuinua, na useme picha yaenda wapi. Stetasi ya WhatsApp huonwa na mliohifadhiana namba, na baada ya saa 24 haipo. Video ya TikTok humfikia usiyemjua, na akiipakua huwezi kuirudisha tena. Aliyekubali ya kwanza hajakubali ya pili, muulize upya. Kina mama waliokaa barazani si pambo la tangazo lako. Mtu akibadili nia, futa, kisha ingia kwenye folda ya zilizofutwa ufute tena, maana simu nyingi huiweka hapo siku 30 hivi. Mtoto, ruhusa ni ya mzazi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 nayo yataka hivyo.

Nahodha wa Shela
Ahsante, dada Langoni. Upande wa WhatsApp: usimtie mtu kwenye kundi bila kumwambia, kwani namba yake yaonekana na wote waliomo. Mtumie kiungo, aingie mwenyewe. Kundi la matangazo liwekwe admini pekee ndio waandike, la sivyo salamu za asubuhi zitazika ratiba ya safari. Orodha ya kutuma kwa wengi (broadcast) huchukua watu 256, na ujumbe huwafikia tu waliohifadhi namba yako. Kwa hiyo namba za kuokota hazikufai kitu. Wakikuripoti wengi, WhatsApp yaweza kukufungia. Mara mbili kwa wiki zatosha. Akisema nitoe, mtoe papo hapo, usimwulize kwa nini.

Kofia na Uzi
Facebook: akaunti ya mtu hukomea marafiki 5,000, basi biashara fungulia ukurasa mapema. Kutagi watu 40 kwenye picha ya kofia moja ni kuwapigia kelele mlangoni. Wengi hujitoa kimya kimya, nawe hujui. Vilevile "nifuate nikufuate" na wafuasi wa kununua havikufai. Mitambo ya mtandao hutazama watu wanavyoitikia chapisho ndipo ilisukume mbele. Ukiwa na elfu tatu wasiojali kofia, chapisho hulala, hata wanunuzi wako wa kweli hawalioni.

Mkomani
Na hii "bei inboksi"?

Kofia na Uzi
Kofia za mkono hazifanani bei, ndiyo maana wengine huificha.

Nahodha wa Shela
Basi andika "kuanzia" na kiasi, kaka. Mteja akiona bei imefichwa hudhani kila mtu atatajiwa yake. Kwenye maelezo ya ukurasa weka pia njia ya kufika: uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, mtu avuka kwa boti, wa basi ashukia Mokowe, upande wa bara, naye avuka. Kutoka mjini hadi Shela kwa miguu ni kama kilomita 3. Mistari hiyo yakuepusha kujibu swali moja kila siku. Malalamiko yakija, jibu hapo hapo hadharani kwa sentensi moja, kisha malizieni faraghani. Kufuta ndiko kunakoharibu: mtu kashapiga picha ya skrini, na sasa habari ni kwamba umefuta.

Langoni
Picha ya mwenzako: omba, utaje jina lake mstari wa kwanza, si chini kabisa baada ya alama za reli (#). Kukata pembe yenye jina lake ni wizi, tusiutafutie jina jingine.

Mfunguo Sita
Maulidi, jamani. Zafe, yale maandamano ya kasida, ipigwe video, ila usiitie muziki wa dansi juu ya kasida. Watu wa Msikiti wa Riyadha wana haki ya kukasirika. Simu isielekezwe upande wa kina mama. Tangazo la hoteli usilibandike katikati ya video ya dua, lipe chapisho lake siku nyingine.

Mkomani
Droni je?

Mfunguo Sita
Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza. Nacho ukiwa nacho, usiirushe juu ya nyua za watu: paa la Lamu ni sehemu ya nyumba, watu hukaa huko jioni.