Ramu 4GB, nikifika chaneli ya nane sauti inakwaruza. Nifanyeje?

Kigodoro_Temeke
Wakuu, salaam. Natengeneza singeli chumbani kwangu kwa programu ya FL Studio. Mashine ni ya mtumba, nimeichukua Kariakoo: Core i3, ramu 4GB. Dramu zikiwa peke yake mambo shwari. Nikiongeza besi, vinanda na mwangwi kwenye kila chaneli, ikifika ya saba au ya nane sauti inakwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Kuna jamaa ananiuzia ramu nyingine 4GB, anasema ndiyo dawa. Nimwamini? Hela yenyewe ni ya kodi.

Mpiga_Kelele
Nunua mashine ya maana, muziki una wenyewe.

FundiMitambo
Huyo mpuuze. Na hela ya kodi mpe mwenye nyumba.

Ramu inabeba sampuli (vipande vya sauti) na plagini (programu ndogo za ala na mwangwi) ulizofungua. Ikijaa, kompyuta nzima inakuwa nzito. Kukwaruza mara nyingi ni prosesa kushindwa kumaliza hesabu kwa wakati. Bafa (idadi ya vipimo vya sauti vinavyoandaliwa kwa mkupuo) ikiwa 256 kwenye 44,100 Hz (vipimo kwa sekunde), prosesa inapewa kama milisekunde 6 kuandaa kila kipande cha sauti. Ikichelewa, unasikia "krrr". Weka 1024, itapata kama milisekunde 23.

Kabla hujatoa hata mia, piga biti huku umefungua Task Manager ya Windows, inayoonyesha ramu na prosesa zinavyotumika, uone kipi kinachojaa. Na chomeka chaja. Ikiwa kwenye betri, Windows inaweza kupunguza kasi ya prosesa ili kuokoa chaji.

Kigodoro_Temeke
Bafa naipata wapi mkuu?

FundiMitambo
Mipangilio ya audio, chagua FL Studio ASIO, kisha ongeza namba ya bafa.

DadaBiti_Mombasa
Kaka, mwangwi kwenye kila chaneli ndio unaokumaliza. Weka mmoja tu kwenye mikisa, chaneli zote zipitie humo, kila moja uipimie kiasi chake. Plagini nane zinakuwa moja, na sauti zinakaa kama ziko chumba kimoja.

La pili, besi ikishakuridhisha itoe kama WAV (faili la sauti iliyokwisha rekodiwa), irudishe kwenye mradi, halafu zima sinthi yake, yaani plagini inayoitengeneza. Kucheza faili la WAV ni kazi ndogo sana kwa prosesa. Lakini hifadhi nakala ya mradi kwanza! Mimi niliwahi kufuta sinthi kwa pupa, mteja akataka noti moja tu ibadilishwe. Niliijenga besi upya mpaka adhana ya alfajiri.

MzeeWaMnanda
Vijana mnajitesa na sinthi nzito. Mchiriku tuliucheza kwa vinanda vidogo vya Casio na spika zilizochanika, na singeli imetoka humo humo. Kipande cha taarabu cha sekunde mbili, kikimbize, kizungushe, weka ngoma juu. Kwenye mapigo 220 kwa dakika mkia wa mwangwi hauna hata pa kukaa, unamezwa na ngoma inayofuata. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli, Wazungu wakashangaa. Hakuna aliyeuliza prosesa.

Kigodoro_Temeke
Nimerudi. Task Manager: ramu asilimia 60, prosesa 97! Nimeweka bafa 1024, mwangwi mmoja, besi na kinanda kimoja nimegeuza WAV. Niko chaneli ya 14, haikwaruzi. Ila nikipiga kinanda cha MIDI (kile cha kuchomeka kwenye kompyuta), sauti inakuja imechelewa, mkono unaniacha.

DadaBiti_Mombasa
Hiyo ndiyo bei ya bafa kubwa. Ukirekodi ishushe mpaka 256, zile nzito zikiwa tayari ni WAV mashine itahimili. Ukianza kumiksi irudishe juu.

Kigodoro_Temeke
Ahsante dada. Mzee wa Mnanda, kaseti za taarabu unazo? Nina redio kaseti ya marehemu babu, nataka kuichomeka kwenye tundu la maiki.

MzeeWaMnanda
Ninazo. Anza na sauti ya chini kabisa, isije ikapasuka. Na kaseti zirudi!