Mjadala: Namba ya mlango wa mbunge ifichwe, nyumba yake isifichwe

Mtoa mada:

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, bila kuangalia nani ni wa chama gani.

Usiku wa kuamkia 14 Juni 2025, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mtu aliyevaa kama polisi, uso kaufunika kwa barakoa ya mpira, aliendesha gari jeusi lenye taa kama za polisi mpaka nyumbani kwa seneta wa jimbo, John Hoffman. Aligonga mlango, akawamiminia risasi seneta na mkewe, Yvette. Hao walipona. Kabla hakujapambazuka akawa amefika kwa Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Melissa na mumewe Mark waliuawa. Wapelelezi walikuta madaftari yenye majina ya viongozi wengi, pamoja na orodha ya tovuti zinazouza taarifa za watu: unaandika jina, unapewa anwani.

Baada ya mauaji hayo majimbo kadhaa ya Marekani yalianza kuondoa anwani za wabunge kwenye tovuti za serikali. Nawaunga mkono. Mtu akishajua mlango wako na saa unayolala, hakuna mlinzi wa kutosha. Ila hofu yangu inaanzia hapo hapo, kwa sababu wanasiasa wakishapewa kalamu ya kufuta kwa jina la usalama, hawaishii kwenye namba ya mlango.

Tazameni yaliyotokea Uingereza. Sheria yao ya haki ya kupata habari ilianza kutumika Januari 2005, na waandishi wa habari wakaomba stakabadhi za posho za wabunge, hasa ile ya nyumba ya pili, yaani fedha za kumwezesha mbunge kuwa na makazi mawili, jimboni na karibu na Bunge. Bunge lilipinga hadi Mahakama Kuu, hoja mojawapo ikiwa usalama: anwani zisitolewe. Mei 2008 mahakama ikasema stakabadhi zitolewe. Miezi miwili baadaye wabunge wakapitisha amri kwamba sheria hiyo isiwalazimishe kutoa anwani zao. Kumbukumbu zilipotolewa rasmi, Juni 2009, kurasa zilikuwa zimepakwa wino mweusi, anwani zimefutwa.

Sasa jiulizeni: bila anwani, ungejuaje kwamba mbunge alikuwa akiibadilisha badilisha nyumba anayoiita "ya pili" ili kila moja ikarabatiwe kwa fedha za umma? Usingejua. Umma ulijua kwa sababu nakala zisizofutwa zilivuja na gazeti la Daily Telegraph likaanza kuzichapisha tarehe 8 Mei 2009, kabla ya zile rasmi. Waziri Hazel Blears alionekana kwenye televisheni ameshika hundi ya pauni 13,332 anayokwenda kuwalipa watu wa kodi, kodi ya faida ya nyumba aliyoiuza. Mbunge David Chaytor alikuwa amedai kodi ya pango ya nyumba iliyo karibu na Bunge, kumbe nyumba ni yake mwenyewe. Alifungwa miezi 18. Spika Michael Martin alijiuzulu. Ule wino ungeachiwa ufanye kazi yake, huenda haya yasingejulikana.

Msimamo wangu ni huu. Kinachomsaidia muuaji ni mahali. Kinachomsaidia mwananchi ni uhusiano: nani anamiliki, alinunua lini, kwa kiasi gani, nani analipa, na je, nyumba ya mwaka jana ndiyo ya mwaka huu? Hayo yanaweza kutenganishwa. Kila nyumba ya kiongozi ipewe namba yake ya utambulisho isiyobadilika. Mtaa na mlango vifutwe, namba ibaki kwenye kila stakabadhi na kila tamko la mali. Mbunge akihamisha dai kutoka nyumba moja kwenda nyingine, utaona dai limebeba namba nyingine, na huna haja ya kujua iko mtaa gani. Sharti la mgombea kuishi katika jimbo lake la uchaguzi, ambalo Minnesota wanalo, lithibitishwe na tume ya uchaguzi au mahakama, wala si kwa neno la mgombea mwenyewe.

Karibuni.

Mchangiaji, Nairobi:

Ndugu mtoa mada, umezungumza vizuri, lakini hatari haiko mlangoni pekee. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, namba za simu za wabunge wetu zilisambazwa mitandaoni, na tarehe 25 supamaketi za Chieni, zinazohusishwa na mbunge wa Kieni, ziliporwa. Wafanyakazi wa pale hawakuupigia kura mswada huo bungeni. Ukishaweka wazi mali zote za kiongozi, hata bila anwani, unawapa wenye hasira orodha ya mahali pa kwenda. Mimi nasema tamko la mali lisomwe na tume ya maadili peke yake.

Mtoa mada:

Ndugu yangu wa Nairobi, pole kwa wafanyakazi hao, na uporaji ni uhalifu, siutetei. Ila duka lina bango barabarani. Waliolivamia hawakupitia faili lolote la serikali. Walijua kama mtaa mzima unavyojua. Kulifungia tamko la mali kabatini kusingeiokoa hata rafu moja.

Na hilo la tume peke yake kusoma, sisi Tanzania tunakaribia kuliishi. Tangu sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya 1995, viongozi wanajaza fomu kila mwaka kabla ya Desemba kuisha na kuziwasilisha Sekretarieti ya Maadili. Fomu hizo hazichapishwi. Mwananchi anasikia nani amechelewa kurudisha, lakini kilichoandikwa ndani hakioni kwa urahisi. Kiongozi aliyeingia na nyumba moja akatoka na kumi, jirani yake ndiye angekuwa wa kwanza kugundua kwamba tamko lina pengo, na huyo jirani ndiye asiyeweza kulisoma kwa urahisi.

Namba za simu za binafsi ni jambo jingine, nakubaliana nawe zisisambazwe. Mbunge awe na simu ya ofisi inayopokelewa.

Mchangiaji, Dodoma:

Mimi naona suluhisho ni kumtaka kila anayeomba kumbukumbu aandike jina na kitambulisho. Mwenye nia mbaya ataogopa.

Mtoa mada:

Mkuu, kitabu hicho cha majina kitasomwa na nani? Kama kiongozi ataambiwa kwamba mwandishi wa habari fulani, au mwalimu wa kata yake, amefungua faili lake jana, atakayehitaji ulinzi ni huyo mwalimu. Ningekubali kwa masharti: majina yatunzwe na chombo huru, mwenye faili asiambiwe, na polisi wayapate kwa amri ya mahakama tu pale uhalifu umetokea.

Tena tusisahau wabunge waliuawa wapi. Uingereza, Jo Cox aliuawa Juni 2016 mtaani Birstall, akienda kukutana na wapiga kura wake. David Amess aliuawa Oktoba 2021 ndani ya kanisa huko Leigh-on-Sea, akiwasikiliza wananchi. Mikutano hiyo hutangazwa, na lazima itangazwe. Pale anatakiwa askari mlangoni, na gharama yake walipa kodi tuibebe bila kinyongo. Jumla ya fedha ichapishwe kila mwaka, lakini zamu za walinzi na mahali zilipo kamera visichapishwe.