Taa na umeme wa akiba kwenye kituo cha data: UPS, jenereta au betri za pekee?

Mlinzi wa Raki

Wakuu, habari za kazi. Napanga chumba cha seva chenye raki 40 (makabati ya kufungia seva), wastani wa kilowati 4 kila raki, yaani kilowati 160 kabla hujagusa viyoyozi. Upande wa seva nimeshatulia: njia mbili za umeme, UPS mbili (mashine za betri zinazoshika mzigo papo hapo umeme ukikatika), jenereta mbili. Kinachoninyima usingizi ni taa. Kwenye michoro niliyoletewa, taa zimeandikiwa mstari mmoja tu: "kama jengo lilivyo".

Kituo nilichofanyia kazi zamani umeme ulikatika saa nane usiku, jenereta ikagoma kuwaka. Seva zilikuwa hai kwa betri, sisi tulikuwa gizani. Mwenzangu aliibana simu kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru. Mwanga wa simu ukagonga kifuniko cha plastiki cha bodi ya breka na kumrudia machoni. Akasoma B3 palipoandikwa B8, akashusha breka ya safu iliyokuwa nzima. Tangu siku ile siwezi kupanga umeme wa akiba bila kujiuliza fundi ataona nini.

Nimebaki na njia nne: taa zote kwenye UPS ya seva, taa kwenye jenereta tu (tukikubali giza la sekunde kumi na kitu), taa zenye betri ndani yake, au betri moja ya kati inayolisha taa zote za dharura. Swali la pili: betri za UPS ziwe za risasi au za lithiamu, na ziwe za dakika ngapi?

Fundi Kebo

Mkuu, ya kwanza ifute kabisa. Watu huipenda kwa sababu mzigo ni mdogo: chumba cha mita 200 za mraba kikiwa na LED, taa zote hazifiki kilowati 2, UPS haitazihisi. Lakini hebu kitazame kile kitufe chekundu cha kukata umeme wote, kilichoko ukutani karibu na mlango. Moshi ukitokea, mtu anakibonyeza, UPS inakata, na taa zinazima wakati uleule watu wanatafuta pa kutokea. Kiwango cha TIA-942, kile cha Marekani cha vituo vya data, nacho kinataka taa zisilishwe kutoka bodi moja na vifaa, na kwa hili nakiunga mkono bila kusita.

Ya pili peke yake haitoshi. Zile sekunde kumi ni za jenereta iliyokubali kuwaka, na wewe umeshaonja ile iliyokataa.

Mimi huweka taa za kawaida kwenye bodi ya jengo inayobebwa na jenereta, halafu taa moja kati ya kila tatu inakuwa na betri yake. Na kila ujia, yaani njia kati ya safu za raki, taa zake zigawanywe kwenye breka mbili kwa kupishana, ili breka moja ikianguka ubaki na nusu ya mwanga.

Bi Nukta

Hamjazungumzia mwanga wenyewe, na sisi tunaoshinda nyuma ya raki ndio tunaoumia. TIA-942 inataka laksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 500 kwa mlalo na laksi 200 kwa wima, zikipimwa katikati ya ujia, mita moja kutoka sakafuni. Wasimamizi wengi wa ujenzi hupima ile 500 wakaondoka. Lebo za kebo zimesimama wima, kwa hiyo ile 200 ndiyo inayokusomea lebo. Raki zako zikiwa nyeusi zitameza mwanga. Ukiweza kuagiza nyeupe, agiza. Mistari ya taa ifuate ujia, ikae juu ya ujia, isikatize juu ya raki.

Kama utafunika ujia wa moto, ule unaopokea hewa ya joto kutoka nyuma ya raki, paa la kifuniko litakula mwanga wote unaotoka juu, itabidi uweke taa ndani. Humo ndani hewa inaweza kuvuka nyuzi 35 kwa saa zote 24. Usiweke taa yenye betri ndani yake humo. Itakuwa ya kwanza kufa.

Kiwango hichohicho kina hatua tatu: chumba kikiwa hakina mtu, mwanga wa kutosha kamera tu; mtu akiingia, uongezeke apite salama; akianza kazi, ziwake zote. Ni mpango mzuri, ila mahali pa sensa pafikiriwe. Nimewahi kulala chali chini ya raki, nimeshika kebo ya nyuzi za kioo niliyotoka kuisafisha ncha, taa zikazima kwa sababu sensa ilikuwa mlangoni na haikuniona. Ile ncha ilinigusa shati, nikaanza upya. Kila ujia uwe na sensa zake, ucheleweshaji usipungue dakika 15, na pawepo swichi ya kuishikilia taa iwake mpaka fundi amalize.

Zamu ya Usiku

Fundi Kebo, nakuheshimu, lakini kwenye betri ndani ya kila taa tunaachana. Nilikabidhiwa kituo chenye taa 22 za aina hiyo. Zote kitaa cha kijani cha chaji kilikuwa kinawaka. Nikakata umeme wake nikakaa na saa mkononi. Tisa zilizima kabla ya dakika kumi. Kile kitaa kinakuambia chaji inaingia, hakikuambii betri itabeba kwa muda gani.

Kiwango cha Ulaya cha taa za dharura, EN 1838, kinataka angalau laksi 1 kwenye mstari wa njia ya kutokea, kwa saa 1. Marekani, kanuni ya usalama wa watu kwenye majengo, NFPA 101, inataka dakika 90. Lakini mahali pa kazi ya hatari panahesabiwa tofauti: EN 1838 inataka asilimia 10 ya mwanga wa kawaida, isipungue laksi 15, na iwe imefika ndani ya nusu sekunde. Kwenye chumba cha laksi 500 hiyo ni laksi 50, na kwa laksi 50 yule mwenzake Mlinzi angeiona B8. Mbele ya bodi za umeme na UPS ningepanga kwa kipimo hicho, hata kama mkaguzi haniulizi.

Kwa hiyo mimi naenda na betri ya kati: UPS ndogo ya taa tu, katika chumba chake, mbali na zile za seva na nje ya kile kitufe chekundu, na kebo zinazostahimili moto. Betri moja ya kupima, mahali pamoja, hakuna kupanda ngazi mara 22.

Fundi Kebo

Nimekuelewa. Mimi nilizoea taa zinazojipima zenyewe na kupeleka ripoti kwenye kompyuta ya zamu; hizo matatizo yake huonekana mapema. Kama bajeti haina hizo, betri ya kati ni bora. Ila chumba cha jenereta usikiunganishe na betri ya kati. Kebo ndefu ya nje ikikatika, umebaki gizani palepale unapohitaji kuona. Huko weka taa zenye betri zake.

Mzee wa Betri

Nije kwenye swali la pili. Betri za risasi zilizofungwa nazijua vizuri na nazipenda kwa jambo moja: tabia zake zinatabirika. Zinataka chumba cha nyuzi 25. Ongeza nyuzi 10 juu ya hapo, umri unapungua kwa nusu. Zile zilizoandikwa miaka 10, mimi nimezitoa zikiwa na miaka minne au mitano. Zinafungwa mfululizo, labda 40 za volti 12 kwa mstari, na moja ikifa ndani inaangusha mstari mzima. Ukizichagua, weka mistari miwili kwa kila UPS na pima kila betri peke yake. Zikizidishiwa chaji hutoa haidrojeni, ambayo hushika moto ikifika asilimia 4 ya hewa, kwa hiyo feni ya chumba chake si pambo.

Lithiamu ni nyepesi, inachukua nafasi ndogo, inavumilia joto zaidi, inaishi miaka 10 na zaidi, na kila seli inasimamiwa na kompyuta yake. Bei ya kuanzia ni kubwa. Moto wake ndio wa kuuogopa: seli ikipandwa na joto hujichochea yenyewe na kuambukiza jirani. Tarehe 15 Oktoba 2022, huko Pangyo, Korea Kusini, moto ulianzia kwenye betri za lithiamu za UPS, umeme wa jengo ukakatwa ili wauzime, na huduma za KakaoTalk, programu yao ya kutumiana ujumbe, zilichukua siku kadhaa kurudi zote. Ukienda na lithiamu, chagua ya fosfeti ya chuma, iliyo tulivu kuliko zile za nikeli na kobalti, na uiweke chumba chenye ukuta wa kuzuia moto. Isikae ndani ya ukumbi wa seva.

Kuhusu dakika, usinunue nyingi kabla ya kupiga hesabu ya joto. Ukumbi wako wa mita 200 za mraba na kimo cha mita 3.5 una hewa kama kilo 840. Kilowati 160 zikimwagwa humo bila kiyoyozi, hewa peke yake ingepanda nyuzi 11 kila dakika. Chuma cha raki na kuta hufyonza sehemu, kwa hiyo itakwenda polepole kuliko hapo, lakini betri za dakika 30 zitakuwa zinalisha seva ambazo joto limeshazizima. Mimi ningeweka dakika 10, ambazo ni kama kilowati-saa 27, na fedha iliyobaki niitumie kuziweka feni za viyoyozi na pampu za maji baridi kwenye UPS.

Dizeli Safi

Mimi nitasema kwa ufupi. Jenereta nyingi zinazogoma, mkosaji ni ile betri ya kuanzishia. Kila jenereta iwe na mbili. Ijaribu ikiwa na mzigo; ikizoea kuzunguka chini ya asilimia 30, dizeli haiungui yote na injini inachafuka. Mzigo wako pamoja na viyoyozi na taa utakuwa karibu kilowati 250, yaani lita 65 hadi 70 kwa saa, kwa hiyo saa 12 ni kama lita 800. Chuja tangi, maji hukusanyika chini.

Na namuunga mkono Fundi Kebo: NFPA 110, kiwango cha Marekani cha umeme wa dharura, yenyewe inataka chumba cha jenereta kiwe na taa za dharura zenye betri, wastani wa laksi 32.

Mlinzi wa Raki

Asanteni sana wakuu. Narudisha michoro hivi: UPS ndogo ya taa kwa ukumbi na chumba cha bodi, laksi 50 mbele ya kila bodi, taa zenye betri zake kwa jenereta, betri za risasi mistari miwili, dakika 10, feni na pampu zikiwemo. Lithiamu nimeiacha kwa sababu jengo halina chumba cha pembeni chenye ukuta wa kuzuia moto.

Bi Nukta

Kabla hujapokea kazi kutoka kwa mkandarasi, nenda usiku, zima taa zote za kawaida, msimamishe mtu mbele ya bodi na umwambie akusomee breka zote kwa sauti. Akishindwa kusoma japo moja tu, usitie sahihi.