Makumbusho ya watoto kwa familia ya watu saba: uanachama wa mwaka au tiketi za siku?

Baba Wanne ameuliza:

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Naomba ushauri wa wale mlioishi Marekani kwa muda mrefu kuliko mimi.

Tuko katika jimbo moja la katikati ya nchi hii na tuna watoto wanne: wa miaka 9, wa miaka 7, wa miaka 4, na kichanga wa miezi 10. Tangu mwezi uliopita tuko pia na mama yangu mzazi, aliyetoka Tanga kuja kumwona mjukuu wake wa mwisho, naye atakaa nasi miezi mitatu. Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa mara ya kwanza kwenye makumbusho ya watoto ya jiji letu. Watoto walifurahi mno, na yule wa miaka 4 tulilazimika kumtoa akiwa amebebwa huku analia, kwa sababu alikuwa bado anafungua na kufunga malango ya mfereji wa kuchezea ili mashua zake za plastiki zipite.

Tatizo ni gharama. Nilidhani watoto hulipiwa nusu, kama tulivyozoea nyumbani. Binti wa dirishani alituhesabu kwa ncha ya kalamu, akamruka kichanga, akataja dola 107: dola 18 kwa kila kichwa, kiwe cha miaka 4 au 40, isipokuwa mama yangu aliyepunguziwa dola moja kwa ajili ya uzee wake. Ukiongeza dola 12 za maegesho na dola 46 za chakula cha mchana cha kawaida kabisa, tulitumia dola 165 kwa muda wa saa tatu na nusu. Mama alikaa kwenye benchi karibu muda wote huo, ameshika makoti yetu, na tulipoingia kwenye gari akaniuliza, "Kumbe hata kushika makoti kunalipiwa?" Sikuwa na jibu.

Uanachama wa familia kwa mwaka mzima ni dola 175, lakini unawahusu watu wazima wawili waliotajwa majina na watoto wa nyumba hiyo tu. Ili bibi naye aingie, kuna uanachama mwingine wa dola 215. Je, ni busara kulipa fedha hizo kwa mkupuo, au tuendelee na tiketi za siku mara moja moja? Na je, iko njia nyingine ya halali ambayo sisi wageni hatuijui?

Mkazi wa Worcester amejibu:

Ndugu Baba Wanne, pole kwa hesabu hiyo, ingawa nadhani ukiuliza hapa utapata wengi waliopigwa na butwaa lile lile mbele ya dirisha lile lile.

Kabla hujanunua chochote, nenda kwenye maktaba ya umma ya mji wenu uulize kama wana pasi za makumbusho. Huku Massachusetts ni jambo la kawaida: maktaba hununua uanachama wa taasisi mbalimbali, mara nyingi kwa fedha zinazochangwa na chama cha marafiki wa maktaba, kisha huwaazima wakazi pasi hizo kama inavyowaazima vitabu. Pasi tuliyoizoea sisi kwa Boston Children's Museum hupunguza nusu ya bei kwa watu wanne, na unaiweka akiba kwa tarehe maalumu kupitia tovuti ya maktaba. Ni lazima uwahi, kwa kuwa pasi za Jumamosi za miezi ya baridi, ambapo kila mzazi anatafuta mahali penye paa, huisha wiki kadhaa kabla, lakini ya Jumanne mchana unaweza kuipata hata asubuhi ile ile.

Niongeze neno kuhusu bibi. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Moshi, tulimpeleka Boston tukidhani atachoka, naye ndiye aliyetuchelewesha. Ndani ya makumbusho yale kuna nyumba halisi ya mfanyabiashara wa hariri kutoka Kyoto, iliyotolewa zawadi mwaka 1979 na kusimamishwa upya humo ndani. Unavua viatu mlangoni kama tunavyofanya nyumbani, na aliposikia sharti hilo aliwatazama wajukuu kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi ya muda mrefu. Kwa hiyo tafuta humo jengoni kitu kinachomhusu bibi pia, ndipo tiketi yake itakapoacha kuuma.

Niliyekaa Dirishani amejibu:

Nimefanya kazi ya kuuza tiketi katika makumbusho ya watoto kwa miaka minne, kwa hiyo naomba nieleze mambo mawili kutoka upande wa pili wa kioo.

La kwanza ni hilo la mtoto kulipa sawa na mtu mzima. Katika makumbusho ya kawaida mgeni mkuu ni mtu mzima, na mtoto huingizwa kwa nusu bei kama mfuasi wake. Katika makumbusho ya watoto mambo yamegeuka: mtoto ndiye mgeni mkuu, naye ndiye anayechakaza vitu, kwa kuwa kila kilichomo kimewekwa ili kiguswe, kivutwe, kimwagiwe maji na hata kitiwe mdomoni. Mpira wa plastiki hauishi mwaka. Kila jioni baada ya kufunga tulikuwa na masanduku mawili ya vitu vya kuosha na kukausha, na daima kilipungua kimoja ambacho bila shaka kilikuwa kimekwenda nyumbani ndani ya mfuko wa mtu wa miaka 3. Hata hivyo, tiketi hazilipii gharama zote. Sehemu kubwa hutoka kwa wafadhili, na wafadhili hao ndio sababu ya jambo langu la pili.

Upo mpango wa kitaifa unaoitwa Museums for All, ulioanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya serikali kuu inayoshughulikia makumbusho na maktaba, kwa kushirikiana na chama cha makumbusho ya watoto. Makumbusho yaliyojiunga sasa yamepita 1,000, na si ya watoto peke yake. Mwenye kadi ya EBT, yaani kadi ya msaada wa chakula, huionyesha pamoja na kitambulisho chenye picha, na watu hadi wanne huingia bure au kwa kiingilio kisichozidi dola 3 kwa kila mmoja. Baadhi ya makumbusho huruhusu zaidi ya wanne, kwa hiyo uliza.

Ninasisitiza kidogo hapa kwa sababu nimeona familia nyingi zikilipa bei kamili huku kadi ikiwa kwenye pochi. Wengi hudhani kwamba fedha za chakula zitakatwa. Hazikatwi. Kadi haipitishwi kwenye mashine. Mfanyakazi anaitupia jicho tu, anabonyeza kitufe cha bei hiyo, anakupa tiketi. Risiti yako inafanana na ya mtu aliye nyuma yako, na tiketi yenyewe pia. Wengine huona haya kuitaja kadi huku foleni inasikiliza, nami nawaelewa, kwani sisi tumelelewa kuficha shida zetu. Wala huna haja ya kutamka lolote: iweke kadi juu ya kaunta, naye atajua. Lakini usisubiri aanze yeye, maana tulikatazwa kumkisia mgeni kuwa ni mhitaji, na kibao chenye maelezo hayo mara nyingi kimebandikwa mahali ambapo kichwa cha mtu wa mbele kinakiziba.

Jirani wa Louisville amejibu:

Kwa kifupi, nunua uanachama. Ukishakuwa mwanachama wa makumbusho moja ya watoto unaingia bure kwenye mengine yote nchini, kwa hiyo hata mkisafiri kwenda kuwaona ndugu hamlipi tena.

Shangazi wa Indiana amejibu:

Naomba kumsahihisha Jirani kwa heshima, kwa sababu kosa hilo lilinigharimu nami mwenyewe nikiwa mlangoni na watoto watano wa watu.

Iko mitandao miwili ambayo watu huichanganya. Mtandao wa chama cha makumbusho ya watoto hukupa nusu ya bei, si bure, kwa watu hadi sita, na ni kwa makumbusho yaliyojiunga tu. Mtandao wa vituo vya sayansi, unaoitwa ASTC Passport, ndio unaokupa kiingilio cha bure, lakini una sharti la maili 90, yaani kama kilomita 145: hautumiki kwenye kituo kilicho ndani ya umbali huo kutoka unakoishi. Wameweka sharti hilo ili mtu asijiunge na kituo kidogo cha bei nafuu huko mbali halafu akaingia bure kila wiki kwenye kile kikubwa cha mjini kwake. Yako makumbusho ya watoto yaliyomo katika mtandao huo pia, na kama la kwenu ni mojawapo, uanachama wenu utakuwa na thamani zaidi wakati wa safari. Piga simu uulize kwa jina la mtandao, ukiuliza "mnapokelewa kwingine?" watajibu ndiyo, na ndiyo hiyo haina maana yoyote.

Sasa hesabu yako, Baba Wanne. Bibi akisharudi Tanga mtakuwa watu watano wa kulipiwa, yaani dola 90 kwa siku, hivyo uanachama wa dola 175 unajilipa mnapoingia mara ya pili. Miezi miwili ijayo kichanga wako anatimiza mwaka, na kwa kawaida hapo ndipo msamaha wake unapokoma, kwa hiyo itakuwa dola 108 kwa siku. Kuhusu bibi, dola 40 za kuongeza ili awemo ni zaidi ya tiketi zake mbili za dola 17, lakini ni pungufu ya tatu. Jiulize kwa ukweli: je, atakwenda mara tatu kabla ya kuondoka, au makoti yatabaki kwenye gari?

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo hailionyeshi. Mwenye tiketi ya dola 107 hukaa ndani mpaka watoto wagombane, kwa sababu anataka fedha yake irudi. Mwenye uanachama huingia saa tatu asubuhi, watoto wanacheza mambo mawili, wanatoka saa tano kabla ya njaa, wanakula walichopikiwa nyumbani. Zile dola 46 zako za chakula zingekufa palepale. Maegesho nayo yaangalie, maana uanachama wa kwingine huyafuta au huyapunguza.

Kwa walio karibu na Indianapolis: makumbusho ya watoto ya huko, yaliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo ndiyo makubwa kuliko yote duniani ya aina yake, yana utaratibu wake kwa familia zinazopata msaada wa jimbo, unaoitwa Access Pass. Nilipoutumia mimi tulilipa dola 2 kwa kila mtu, watu wazima wawili pamoja na watoto wote wa nyumba, bila kikomo cha wanne. Bei ya kawaida ya pale hubadilika kwa tarehe, kwa hiyo anayenunua mapema mtandaoni hulipa pungufu ya anayefika mlangoni siku yenyewe. Maegesho ni bure, jambo ambalo nalitaja kwa makusudi.

Maalim wa Maryland amejibu:

Mimi ni mtu mzima sasa na sikuwahi kuwapeleka wanangu kwenye makumbusho ya kulipia, wala sioni kama walipungukiwa. Tunaishi karibu na Washington, ambako makumbusho ya Smithsonian hayana kiingilio kabisa. Lile la historia ya Marekani lina ukumbi wa kuchezea kwa watoto wa chini ya miaka 6 au 7 hivi, nao ni bure vilevile. Sisemi kwamba kila mji una Smithsonian. Nasema tu kwamba kabla ya kununua mwaka mzima, tazama kwanza ni nini mji wenu unakitoa bila malipo, kwa sababu mtoto wa miaka 4 hajui tofauti kati ya mfereji wa dola 18 na mto.

Baba Wanne amejibu:

Nawashukuru wote, na Shangazi namshukuru kwa kunifanyia hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mwenyewe.

Nimefuatilia mambo matatu wiki hii. Maktaba yetu ina pasi, lakini ni moja tu kwa mji mzima na imeshachukuliwa Jumamosi zote mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nimejiandikisha kwa Jumatano moja, siku ambayo natoka zamu asubuhi. Nimepiga simu makumbusho kuuliza habari za mitandao kwa majina: wamo katika ule wa nusu bei, hawamo katika ule wa vituo vya sayansi.

La tatu ni kadi. Tunayo. Jumamosi ile mke wangu aliiacha nyumbani kwa makusudi, kwa sababu alidhani ni ya dukani peke yake, nami sikuuliza. Jana nilimsomea maneno ya yule ndugu aliyekaa dirishani, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kama haipitishwi kwenye mashine basi hana neno. Kwa bei hiyo wanne kati yetu wataingia kwa dola 3 kila mmoja, na wawili wanaobaki kwa bei kamili, mpaka nijue kama wanaruhusu zaidi ya wanne. Uanachama tumeuahirisha hadi bibi atakapoondoka.

Swali dogo lililobaki ni kwa Niliyekaa Dirishani: kadi ina jina la mke wangu, lakini siku ya Jumatano ni mimi nitakayewapeleka watoto na bibi. Je, watakubali kitambulisho changu?

Niliyekaa Dirishani amejibu:

Kwetu jina la kitambulisho lilitakiwa lifanane na la kadi, na makumbusho mengi hufuata hivyo. Jumatano tumia pasi ya maktaba, na kadi iache kwa siku ambayo mama wa watoto atakuwepo.